Saa Mia Mbili za Emanuel Lasker

Kuna swali ambalo wachezaji wa sataranji wameulizana kwa zaidi ya miaka 1,000, tangu mchezo huu ulipotoka Uhindi, ukapita Uajemi na kufika kwa Waarabu, ambao ndio waliotupatia jina tunalouitia. Swali ni hili: mtu atajuaje kuwa mchezo wake umepanda, na afanye nini ili upande tena? Anayeshinda leo kesho hushindwa. Aliyemfunga jirani yake hajui kama yeye ameimarika au jirani hakupata usingizi.

Waandishi wa sataranji wa Baghdad wa karne ya 9 na ya 10, al-Adli na as-Suli wakiwa miongoni mwao, walikuwa na jibu lao. Waliwagawa wachezaji katika madaraja. Daraja la juu kabisa liliitwa aliyat, na watu wake walikuwa wachache mno katika kila zama. Wale wa chini walitambulikana kwa kete walizoachiwa. Yaani, mchezaji hodari aliondoa kete yake mwenyewe ubaoni kabla mchezo haujaanza, ili mapambano yalingane. Aliyeachiwa kete hafifu alikuwa karibu na mabingwa. Aliyehitaji kuachiwa ngome nzima alikuwa bado mlangoni.

Mimi naupenda mpango huo kwa unyofu wake. Mtu haulizwi ndoto zake wala ukoo wake. Anaulizwa tu: leo unahitaji kusaidiwa kiasi gani? Na jibu likishapatikana, lengo linalofuata hujitokeza lenyewe. Aliyekuwa akiachiwa ngome ajitahidi afike pa kuachiwa farasi. Hakuna haja ya kumtajia kiti cha bingwa wa Khalifa.

Nakumbuka mpango huu wa Baghdad kila nisomapo habari za Emanuel Lasker, kwa kuwa naye, miaka karibu 1,000 baadaye, alilirudia swali lile lile na kulijibu kwa hesabu.

Lasker alizaliwa mwaka 1868 katika mji mdogo wa Berlinchen, ambao wakati huo ulikuwa Prussia na sasa umo Poland kwa jina la Barlinek. Mwaka 1894 alimshinda Wilhelm Steinitz akawa bingwa wa dunia, na hakuukosa ubingwa huo hadi mwaka 1921 alipofungwa na José Raúl Capablanca mjini Havana. Miaka 27! Hajatokea mwingine aliyekaa juu muda mrefu hivyo. Walakini hakuwa mtu wa sataranji tu. Alikuwa na shahada ya udaktari katika hesabu, na wataalamu wa somo hilo wanalitaja jina lake hadi leo. Aliandika pia falsafa. Basi katikati ya miaka ya 1920, akiwa na umri wa miaka 57, alipoketi kuandika kitabu chake kikubwa cha kufundishia mchezo huu, aliandika kama mtu aliyezoea kutafuta kiasi cha kila kitu.

Kuelekea mwisho wa kitabu hicho aliuliza hivi: tuseme bingwa anataka kumfundisha kijana asiyejua hata kete zinavyotembea, mpaka amfikishe kwenye daraja la wale wachezaji 2,000 au 3,000 ambao bingwa hawezi tena kuwaachia kete yoyote. Itamchukua muda gani? Jibu lake lilikuwa saa 200. Akazigawa. Saa 5 za kanuni za mchezo na mazoezi yake. Saa 5 za miisho ya msingi, pale kete zinapobaki chache ubaoni. Saa 10 za namna za kufungua mchezo. Saa 20 za mashambulizi ya hatua kadhaa zinazoshikamana. Saa 40 za kujifunza kuzipanga kete mahali panapofaa. Saa 120 zilizobaki ni za kucheza na kuchambua kilichochezwa.

Msomaji, hebu tufanye hesabu kidogo. Saa 200 kwa mwaka mmoja ni kama dakika 33 kwa siku. Anayeweza kutenga saa 4 kwa wiki atazimaliza zote kabla ya mwaka kwisha. Si muda mrefu. Ni pungufu ya muda tunaoutumia kusubiri basi, au kusikiliza redio huku tukizungumza mambo mengine.

Sasa yaja maneno yake yaliyo machungu. Kwa kukadiria kwake, duniani wakati ule palikuwa na wapenzi wa sataranji robo milioni ambao kila mwaka walitumia saa zisizopungua 200 katika mchezo huo. Si mwaka mmoja, kila mwaka. Lakini kati yao, alisema, labda 1,000 tu ndio waliofika pale alipopataja, tena baada ya kujifunza maisha yao yote. Wengine walikuwa na saa, walikuwa na ubao, walikuwa na mapenzi, ila hawakusogea.

Kwa nini? Nadhani jibu limo katika ule mgawanyo wenyewe. Tazama tena. Namna za kufungua mchezo, ambazo ndizo watu hununulia vitabu na kubishania, Lasker amezipa saa 10 tu, yaani sehemu moja kwa ishirini. Kucheza na kuchambua amekupa saa 120, zaidi ya nusu ya muda wote. Na hakusema kucheza tu. Alisema kucheza na kuchambua, akaviweka pamoja kama chumvi na mboga. Watu wake robo milioni walikuwa wakicheza. Ila uchambuzi uliwashinda, kwa kuwa hauna shangwe, na mara nyingi humwonyesha mtu asiyopenda kuyaona.

Pale barazani ninapokaa jioni yupo mzee mwenzangu ambaye amecheza kila siku, isipokuwa Ijumaa, kwa miaka isiyopungua kumi. Ni mchezaji mchangamfu, na hakuna asiyependa kuketi mbele yake. Namna anavyoshambulia leo ndivyo alivyoshambulia siku ya kwanza nilipomwona, na namna anavyofungwa ni ile ile. Mchezo ukiisha huzipanga kete upya kabla mwenzake hajasema neno. Yeye anacheza kwa furaha, na furaha ni lengo halali. Simlaumu hata kidogo. Lakini akisema anashangaa kwa nini wale vijana wawili wa mtaa wa pili walioanza juzi sasa wanamsumbua, jibu liko wazi kwa yeyote aliyewaangalia. Wao mchezo ukiisha huurudisha nyuma, hatua kwa hatua, wakibishana palipoharibika.

Nimefundisha darasani miaka mingi kabla ya kustaafu, na hapa ndipo Lasker alipogusa moyo wangu kuliko penginepo. Yeye hakuishia kwenye sataranji. Alisema hasara hii ya muda imeenea katika elimu ya kila namna, na kwamba binadamu wanapata sehemu ndogo mno ya kile ambacho juhudi zao zingestahili kuwapa. Nani aliyewahi kushika chaki atakayembishia? Tumewaona watoto wakinakili ubaoni kwa miaka saba, wakikariri orodha za mito na tarehe za vita, kisha mtihani ukipita vyote vinakwenda na maji. Saa hazikuwa chache. Lasker mwenyewe alieleza kuwa miaka isiyopungua 30 ya maisha yake aliitumia kusahau mengi aliyojifunza au kuyasoma, na kwamba tangu afanikiwe kusahau alipata wepesi ambao hakutaka kuupoteza tena. Alikusudia kubaki na machache anayoweza kuyatumia.

Mtu anaweza kusema kuwa saa 200 ni ndoto ya mwanahesabu. Na kweli, mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto, asiye na bingwa wa kumwelekeza, asitegemee kuwa mwaka ukiisha atacheza sawa na mabingwa. Lasker alimfikiria mwalimu hodari aliyekaa mbele ya mwanafunzi. Mimi sizichukui saa zile kama ahadi. Nachukua mgawanyo wake, na nachukua kile alichokuwa akikipima. Alipima saa na kazi ya kila saa, vitu ambavyo mtu anavimiliki. Hakupima ushindi, kwa sababu ushindi unahitaji kibali cha mtu wa pili.

Na je, njia yake ilimfaa mwenyewe? Mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka, Lasker aliyekuwa Myahudi aliondoka Ujerumani pamoja na mkewe Martha, na mali yao ikachukuliwa. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60 ambaye alikwisha acha mashindano kwa miaka mingi. Ilimbidi arudi ubaoni kutafuta riziki. Mwanzoni mwa mwaka 1935, akiwa na miaka 66, aliketi mjini Moscow pamoja na wachezaji wengine 19, wengi wao wakiwa na umri wa kuwa watoto wake. Alicheza michezo 19 bila kufungwa hata mmoja. Alimaliza wa tatu kwa pointi 12 na nusu, nusu pointi tu nyuma ya waliotangulia, na mbele ya Capablanca yule yule aliyemnyang'anya ubingwa, tena alimfunga. Alifariki New York mwezi Januari 1941. Ninapotafakari mashindano yale ya Moscow nasema: hicho ndicho kilichobaki kwa mtu aliyenyang'anywa nyumba. Maarifa aliyokuwa ameyafanya mazoea hayakuweza kuchukuliwa na askari yeyote.

Mmoja wa wawili waliolingana katika nafasi ya kwanza Moscow alikuwa kijana wa miaka 23, Mikhail Botvinnik, na huyu naye ana somo lake. Alijifunza sataranji akiwa na miaka 12, umri ambao kwa mabingwa wa siku hizi ni uzee. Mwaka 1925, akiwa na miaka 14, alimfunga Capablanca, bingwa wa dunia, pale Leningrad, ambapo Capablanca alikuwa akicheza na watu wengi kwa wakati mmoja. Mtoto mwingine angelewa sifa. Botvinnik aliendelea na shule akawa mhandisi wa umeme, na kazi hiyo hakuiacha hata alipokuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1948.

Mazoea yake yanajulikana kwa kuwa aliyaandika. Alichambua michezo yake mwenyewe na kuichapisha magazetini, ili wengine wapate kuikosoa. Fikiri ujasiri unaotakiwa hapo. Mtu akichambua peke yake chumbani hujisamehe. Akijua kwamba maelfu watasoma, huangalia mara mbili. Alitafuta udhaifu wake mmoja mmoja na kuupangia zoezi. Alikuwa hapendi moshi wa sigara, na siku hizo wachezaji walivuta ukumbini bila kizuizi. Basi alicheza michezo ya mazoezi na rafiki yake Viacheslav Ragozin, na Ragozin akawa anampulizia moshi usoni makusudi. Michezo hiyo haikuwa na pointi wala kombe. Lengo lake lilikuwa moja, tena dogo: kuufikiria ubao huku moshi ukimsumbua.

Mwaka 1960 Botvinnik alifungwa na Mikhail Tal, kijana wa miaka 23 aliyeshambulia kama moto wa nyika, kwa pointi 12 na nusu dhidi ya 8 na nusu. Wengi walidhani zama za mzee zimekwisha. Kanuni za wakati ule zilimpa nafasi ya kurudiana, naye akarudi kwenye madaftari yake. Hakuwa na haja ya kujifunza kushambulia kama Tal. Hilo lisingewezekana kwa mtu wa miaka 49. Alitafuta ni mahali gani Tal hakujisikia nyumbani, akagundua kuwa ni katika michezo iliyofungana na katika miisho yenye kete chache. Basi akaielekeza michezo huko. Mwaka 1961 alishinda kwa pointi 13 dhidi ya 8. Sidhani kuna mfano bora wa lengo linalolingana na nguvu za mwenye nalo.

Sasa nigusie kipimo cha siku hizi, maana ndicho kinachowatesa vijana wengi. Arpad Elo alizaliwa Hungaria mwaka 1903, akakulia Marekani na kuwa mwalimu wa fizikia mjini Milwaukee. Alikuwa mchezaji mzuri aliyepata ubingwa wa jimbo la Wisconsin mara kadhaa. Aliunda hesabu ya kumpa kila mchezaji namba inayoonyesha nguvu zake. Chama cha sataranji cha Marekani kiliikubali mwaka 1960, na Shirikisho la Sataranji Duniani mwaka 1970. Kwa hesabu hiyo, mtu anayemzidi mwenzake kwa pointi 200 anategemewa kupata kama pointi 76 katika kila michezo 100. Akipata zaidi namba yake hupanda, akipata pungufu hushuka.

Ni kifaa kizuri, mjukuu wa madaraja ya Baghdad. Lakini Elo mwenyewe alionya kuwa kukipima kiwango cha mchezaji ni kama kupima kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji, kwa rula iliyofungwa kwenye kamba inayoyumbishwa na upepo. Kijana anayejiwekea lengo la kuongeza pointi 300 kufikia Desemba amejifunga kwenye kizibo hicho. Wiki akipanda hujiona hodari. Wiki akishuka huacha. Namba inafaa kutazamwa kama mkulima anavyotazama ghala baada ya mavuno. Wakati wa kulima haimsaidii kitu. Wakati huo anachohesabu ni matuta.

Mfano wa karibu na kwetu uko Kampala. Katika mtaa wa Katwe, wenye umaskini na mafuriko ya mara kwa mara, Robert Katende aliwakusanya watoto akawafundisha sataranji na kuwapa uji. Karibu na mwaka 2005 alifika hapo binti mdogo, Phiona Mutesi, ambaye alivutwa kwanza na uji huo. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Sataranji mjini Istanbul, alipata cheo cha kwanza katika ngazi ya vyeo vya kimataifa vya wanawake. Habari zake zikaandikwa kitabu, na mwaka 2016 zikafanywa sinema. Watazamaji waliona taji. Mimi ninachokiona ni kitu kingine: mahali pamoja, mwalimu yule yule, ubao, na bakuli la uji, siku baada ya siku kwa miaka. Cheo chenyewe kilikuwa cha ngazi ya chini kabisa, na hakimpunguzii heshima, kwa kuwa ngazi ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbele yake. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo, kijana akinijia na kusema anataka kuinua mchezo wake, sitamwuliza anataka kuwa nani. Nitamwuliza ana saa ngapi kwa wiki, za kweli, baada ya kazi na ibada na usingizi. Akisema tatu, tutazigawa hizo tatu. Nitamwomba anunue daftari la kurasa 96 aandike kila mchezo anaocheza kwa utulivu, na kabla ya kulala auchague ule aliofungwa, autafute mahali ulipogeuka, aandike sentensi moja tu ya kwa nini. Ajue kumfungia mfalme kwa mfalme na ngome bila kusitasita, kisha ajue miisho ya askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu. Fungua-mchezo achague moja ya kete nyeupe na mbili za kete nyeusi, aziache hivyo mwaka mzima. Atafute mtu anayemzidi kidogo, si mno, na acheze naye mara kwa mara. Baada ya miezi mitatu afungue daftari na kuhesabu: sentensi gani imejirudia zaidi? Hiyo ndiyo kazi ya miezi mitatu inayofuata.

Akifanya hivyo mwaka mmoja, pengine atakuwa amepanda daraja moja la Baghdad; aliyekuwa akiachiwa ngome sasa ataachiwa farasi. Pengine itakuwa nusu ya daraja. Vyovyote iwavyo, atajua saa zake zilikwenda wapi, na wale robo milioni wa Lasker hawakuwahi kulijua hilo.